NYUMBA HAIKUFUATI
Somo juu ya skii, vibanda vya milimani na watu wanaolala humo



Juma lililopita, katika saa ya jiografia, tulifungua kile kitabu kikubwa cha maktaba. Mnajua kwamba tuko nacho kimoja tu kwa shule nzima. Kwenye ukurasa mmoja kuna picha ya mlima mweupe, na watu wanne wamesimama juu ya mbao ndefu. Mbali kabisa, karibu na kilele, kunaonekana nyumba ndogo kama kisanduku cha viberiti. Mwanafunzi mmoja wa klasi ya tatu akanyosha kidole: "Mwalimu, bale batu beko yulu ya mbao, banafanya nini? Na ile kanyumba ya kule yulu, ni ya nani?"

Klasi yote ilicheka. Lakini hayo ni maswali mawili mazuri, na kengele ililia mbele sijajibu. Basi najibu hapa. Swali la kwanza ni jepesi. La pili ndilo kubwa, maana kuna watu waliokufa karibu sana na mlango wa nyumba kama ile.

1. MBAO ZA KUTEMBELEA JUU YA THELUJI

Sisi wa Likasi baridi tunaijua kidogo. Mwezi wa sita na wa saba, asubuhi, kila mtu anavaa triko na kushika kikombe cha chai kwa mikono miwili. Barafu tunayoiona ni ile ya mvua ya mawe na ile ya frigo. Theluji ni kitu kingine. Inashuka polepole bila kelele, vipande vidogo vyepesi, na inarundikana mpaka magoti, mpaka kiuno. Ukikanyaga, unazama. Unavuta mguu mmoja, na mwingine unazama. Hatua mia moja zinatosha kumchosha kijana mwenye nguvu.

Watu wa nchi za baridi, tangu zamani sana, walipata dawa ya jambo hilo: kufunga mbao mbili ndefu na nyembamba chini ya viatu. Mbao hizo ndizo skii. Juu ya nini hazizami? Chukua kaye yako tufanye hesabu.

Mtu ana kilo 70. Nyayo zake mbili zina eneo la karibu sentimeta mraba 500. Gawanya 70 kwa 500: kila sentimeta mraba inabeba kilo 0,14. Sasa mpe skii mbili, kila moja na urefu wa sentimeta 170 na upana wa sentimeta 9. Eneo lake lote ni sentimeta mraba 3060. Gawanya 70 kwa 3060: kilo 0,023 tu. Mtu ni yule yule, uzito ni ule ule, lakini theluji inasukumwa kwa nguvu ndogo mara sita. Ni sababu ile ile inayomfanya fundi kutandika ubao anapopita fasi ya matope.

Kushuka na skii kila mtu anaelewa: unateleza, unageuka huku na huku, na kule kugeuka ndiyo freni yako. Lakini kupanda, namna gani? Hapo wanabandika chini ya skii utepe wenye manyoya. Zamani ulikuwa ngozi ya sili, mnyama wa bahari za baridi. Leo ni nailoni au manyoya ya mbuzi. Pitisha mkono juu ya mgongo wa mbuzi toka kichwa kwenda mkia: mkono unateleza. Rudisha mkono kuelekea kichwa: manyoya yanakataa. Ndivyo skii inavyokubali kwenda mbele na kukataa kurudi nyuma. Wakifika juu wanabandua utepe, wanaukunja, wanautia ndani ya koti, na kushuka.

Kuna skii ya namna mbili. Ya kwanza ni ya miji ya mchezo: kamba ya chuma inakupandisha, unashuka, unapandishwa tena. Ya pili ni ya mlima mtupu, fasi hakuna barabara, hakuna kamba, hakuna duka. Somo letu ni juu ya hii ya pili, na hii haiwezekani vizuri bila ile kanyumba.

2. KANYUMBA NI YA NANI?

Milima mikubwa haimaliziki kwa siku moja. Kubeba hema, majiko, mablanketi na chakula cha juma zima kunavunja mgongo. Kwa hiyo vyama vya wapenda milima vilijenga nyumba ndogo za mawe au za mbao, mbali na kila kijiji, mwendo wa siku moja kati ya nyumba na nyumba. Ndani kuna vitanda vya kupandana, mablanketi, jiko na meza. Tuziite vibanda vya mlima.

Katika nchi ya Norwe kuna chama cha namna hiyo kilichoanzishwa mwaka 1868. Vibanda vyake vingi havina mlinzi. Mwanachama anapewa ufunguo, na ufunguo ule ule unafungua vibanda vingi vya nchi nzima. Katika vingine kuna akiba ya chakula juu ya rafu. Unatwaa kopo la samaki, unaandika jina lako na ulichotwaa, unalipa. Hakuna polisi wa kukuangalia. Asubuhi unafagia, unaosha vyombo, unapasua kuni na kuzipanga karibu na jiko, unafunga mlango, unaenda.

Katika Uswisi chama cha milima kina vibanda zaidi ya 150, na vingi vina mlinzi anayepika supu na kuuliza kila mgeni: umetoka wapi, unaenda wapi kesho? Si udadisi. Usipofika, atajua wapi pa kukutafuta. Kati ya mji wa Chamonix katika Ufaransa na Zermatt katika Uswisi kuna njia ya kibanda kwa kibanda inayoitwa Haute Route. Kwa skii, ilipitwa mara ya kwanza mwaka 1911. Kwa kawaida inachukua karibu juma moja.

Wala msifikiri ni mambo ya Ulaya tu. Katika Moroko, mlima wa Toubkal una meta 4167. Chini yake kuna kibanda penye meta 3207. Kila mwisho wa baridi watu wanatoka kijiji cha Imlil, nyumbu wanabeba mizigo na skii mpaka fasi theluji inapoanza, na baada ya hapo kila mtu anajibebea mwenyewe.

Basi ni ya nani? Kwa karatasi ni ya chama, au ya hifadhi, au ya serikali. Kwa usiku mmoja ni ya yule aliyefika amechoka. Tena ni ya yule atakayefika kesho, ambaye wewe hutamwona kamwe. Kumbuka neno hili, tutalirudilia.

3. USIKU WA TAREHE 29 APRILI 2018

Sasa sikilizeni jambo lililotokea katika njia ile ya Haute Route.

Tarehe 29 Aprili 2018, watu 14 waliokuwa na skii walikuwa njiani, nao walikuwa wamelala katika kibanda cha Dix. Hali mbaya ya hewa ilikuwa imetangazwa. Njiani tufani iliwakuta: upepo mkali na ukungu. Katika ukungu wa theluji anga ni nyeupe, chini ni nyeupe, na mtu hajui kama mbele yake ni njia au shimo. Walitafuta kibanda cha Vignettes. Usiku ukaingia, na hawakukiona. Wakakaa nje, bila ukuta wala paa, katika upepo, mpaka asubuhi.

Kulipokucha waokoaji walifika kwa helikopta. Kati ya wale 14, watu 7 walikufa. Na fasi walipolala ilikuwa karibu meta 550 toka kibanda.

Meta 550! Pima mwenyewe: ni kama viwanja vya mpira vitano na nusu, kimoja nyuma ya kingine. Ni mwendo wa dakika saba au nane kwa mtu anayeona njia. Nyumba ilikuwako. Jiko lilikuwako, mablanketi yalikuwako. Lakini nyumba haikufuati wewe. Ni wewe unayepaswa kuifikia, na kuifikia mbele ya giza.

Sisi hatukuwako, wala hatuwahukumu. Walikuwa watu waliopenda mlima kama wewe unavyopenda mpira. Lakini wanaofundisha safari hizi wanasema kwamba mambo yanaamuliwa mlangoni, asubuhi, mbele ya kufunga skii. Kuna maswali matatu:

a) Hewa itakuwa namna gani saa sita, na saa kumi?
b) Ni saa ngapi tutageuka kurudi, hata kama kilele kinaonekana karibu?
c) Nani kati yetu ni dhaifu kuliko wote leo? Mwendo wetu ni mwendo wake.

Kuna hatari nyingine: poromoko la theluji. Katika mteremko wa digrii 30 mpaka 45 theluji inaweza kuachana na mlima yote kwa mara moja, kama udongo wa ukingo wa shimo la mgodi unapokatika. Kwa hiyo kila mtu anabeba karediyo kadogo kanakotoa alama, fimbo ndefu ya kuchoma theluji, na koleo. Aliyefunikwa akitolewa ndani ya dakika 10 za kwanza, mara nyingi anapona. Nusu saa ikipita, wanaopona ni wachache. Waokoaji wa mji hawawezi kufika kwa dakika 10. Anayekuokoa ni mwenzako aliye karibu, kama alijifunza kazi hiyo nyumbani.

4. VIBANDA VYETU: RWENZORI

Baada ya swali lile mwanafunzi mwingine aliuliza: "Na kwetu Kongo, biko?" Viko. Fungueni masikio.

Kaskazini ya Kivu, kwenye mpaka wetu na Uganda, kuna milima ya Rwenzori. Kilele chake kinaitwa Margherita, meta 5109. Ni cha tatu katika Afrika, nyuma ya Kilimanjaro (5895) na mlima Kenya (5199). Kilikanyagwa mara ya kwanza tarehe 18 Juni 1906 na mtawala mdogo wa Italia, duki wa Abruzzi, na watu wake, waliopanda toka upande wa Uganda. Upande wa Kongo, Wabelgiji walituma safari kubwa ya uchunguzi mwaka 1932. Mara zote mbili mizigo ilibebwa na Waafrika. Upande wetu Rwenzori ni sehemu ya hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925, hifadhi ya kwanza ya taifa katika Afrika.

Njia yetu inaanzia karibu na Mutwanga, penye meta 1700 hivi. Hapo vibanda vinafuatana kama vipandio vya ngazi:

– Kalonge, karibu meta 2100, ndani ya pori la miti mikubwa.
– Mahangu, karibu meta 3300, penye miti iliyovikwa kuvu na majani yanayoning'inia kama ndevu za wazee.
– Kiondo, karibu meta 4200, fasi lobelia zinasimama ndefu kuliko mtu.
– Moraine, karibu meta 4300, kibanda kidogo cha mwisho mbele ya mawe na barafu.

Ndugu zetu Wanande wa Mutwanga ndio wapagazi wa njia hii. Wanabeba unga, maharagi na mablanketi, wanavuka matope na mizizi, na mvua haiwahurumii.

Tena hesabu. Toka Kalonge kufika Mahangu unapanda meta 1200. Toka Mahangu kufika Kiondo, meta 900. Lakini waganga wanasema kwamba ukipita meta 3000, ni vema fasi ya kulala isipande zaidi ya meta 500 kwa siku. Juu ya nini? Kwenye meta 5000 hewa ni nyepesi: kila pumzi inakupa karibu nusu tu ya oksijeni ya kule pwani. Damu inahitaji siku kadhaa ili kuzoea. Kichwa kinauma, chakula kinakataa. Hapo usipande tena, pumzika. Kama mtu anaanza kuyumba kama mlevi, au anakohoa na kukosa pumzi hata amekaa, hakuna kungoja asubuhi. Dawa yake ni moja: ashuke, saa ile ile, mpaka kibanda cha chini. Ndiyo maana nimesema ngazi: kipandio cha chini si cha kupandia tu, ni cha kurudia vilevile. Kushuka si kushindwa.

Jambo la huzuni: vita na mauaji ya eneo la Beni vimeifunga njia hii kwa wageni kwa miaka mingi. Upande wa Uganda vibanda vinaendelea kupokea watu. Kimoja, Elena, kiko kwenye meta 4541. Siku amani itakaporudi, ngazi yetu itahitaji watu wa kuirekebisha. Pengine mmoja wao anasoma ukurasa huu.

5. NA SKII, INAWEZEKANA KWETU?

Iliwahi kufanyika jirani. Mwaka 1912 Wadachi wawili, Walter Furtwängler na Siegfried König, walipanda Kilimanjaro na kushuka na skii. Mwaka ule barafu ya Kilimanjaro ilifunika kilometa mraba 12. Mwaka 2011 zilibaki chini ya kilometa mraba 2. Rwenzori ni vilevile: mwaka 1906 barafu ilifunika karibu kilometa mraba 6 na nusu, mwaka 2003 haikufika hata kilometa mraba moja. Mwaka 2022 shirika la UNESCO lilitangaza kwamba barafu za milima ya urithi wa dunia katika Afrika zinaweza kwisha zote mbele ya mwaka 2050.

Jina la kibanda chetu cha juu linatufundisha. Morene ni rundo la mawe ambayo barafu iliyasukuma, kisha ikayaacha iliporudi nyuma. Kwa hiyo jina la kile kibanda ni ushuhuda: hapa barafu ilipita. Wewe uliye na miaka 15 leo utaweza kuishi na kuona kibanda kimebaki na barafu imekwenda. Dunia imepata joto kwa sababu ya moshi wa viwanda na magari, na moshi mwingi haukutoka Kivu.

6. SHERIA YA KUNI

Katika nchi zote nilizozitaja, sheria za vibanda zinafanana:

– Andika jina lako katika kitabu, na fasi unapokwenda.
– Anayefika wa mwisho anapewa nafasi. Hakuna mlango unaofungwa mbele ya mtu wakati wa tufani.
– Usitwae kitu bila kuandika na kulipa.
– Takataka zako unashuka nazo.
– Usiondoke mbele hujaacha kuni kavu kwa mtu anayekuja.

Hii ya tano inashika zile nyingine zote. Fikiri mtu anafika usiku, amelowa, vidole haviwezi kukunjika. Hana nguvu za kutafuta kuni wala kuzipasua. Kama kuna kuni kavu karibu na jiko, anawasha, anapona. Kama hakuna, kuta peke yake hazitampa joto. Aliyemwokoa ni mtu ambaye hajui hata jina lake, aliyepita siku tatu mbele, aliyekuwa na haraka ya kushuka kama wote, lakini akapoteza nusu saa na shoka.

Sasa nimalize na kitabu chetu. Mwanafunzi yule alipouliza kama kwetu viko, nilisema, "Tutazame karta ya mashariki ya Kongo." Tukafungua. Ukurasa haukuwako. Ulikatwa na wembe, vizuri kabisa, karibu na mshono. Hatujui nani, wala mwaka gani. Pengine alikuwa na mtihani kesho yake, akaona haraka yake ni kubwa kuliko yetu. Klasi ya watoto 52 ilitazama picha za milima ya Uswisi, na mlima wa nchi yao wenyewe haikuuona.

Yule alichoma kuni zote akaenda. Sisi tuliofika nyuma yake tulikuta jiko baridi.

Nimechora karta ya Rwenzori kwa mkono, na vibanda vyake vinne, nikaibandika pale ukurasa ulipokatwa. Si nzuri sana, lakini iko. Nenda maktaba uitazame. Na ukimaliza, funga kitabu polepole, ukiache kama ungependa kukikuta.

MASWALI (jibu katika kaye)

1. Mtu ana kilo 60, na skii zake mbili zina urefu wa sentimeta 160 na upana wa sentimeta 10. Kila sentimeta mraba inabeba kilo ngapi?
2. Eleza kwa maneno yako jinsi utepe wa manyoya unavyosaidia kupanda.
3. Juu ya nini mlinzi wa kibanda anauliza mgeni anakokwenda kesho?
4. Mwenzako ameanza kuyumba na kukosa pumzi katika kibanda cha Kiondo, saa mbili ya usiku. Utafanya nini, na kwa nini?
5. Taja kitu kimoja katika shule yetu ambacho ni "kuni" kwa wale watakaokuja nyuma yako. Wewe umekiacha katika hali gani?